Siku Fiona Pellow Aliponitazama

Kabla sijamjua Fiona Pellow nilidhani kila mtu aliyewahi kuonekana kwenye filamu ni tajiri. Ofisi iliyoniajiri iliponipa anwani na kuniambia mgonjwa ni mwigizaji kutoka Uingereza, nilivaa viatu vya kanisani. Nikakuta nyumba ndogo ya mbao pale Saint Paul, rangi imebambuka upande wa barabara, theluji ya juzi haijazolewa, na mwanamke wa miaka themanini na mbili amesimama kizingitini na gauni la kulalia, ananiuliza kwa nini nimechelewa kwenye mazoezi.

"Sijachelewa, Mama," nikamwambia. "Leo ndiyo siku yangu ya kwanza."

"Basi utasamehewa," akasema. "Ingia. Lakini usipite mbele yangu nikiwa naongea."

Mimi ni Mumbi, mzaliwa wa Karatina, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiwaogesha, nikiwalisha na kuwasikiliza wazee wa Minnesota. Sisi Wakenya wa huku tunataniana kwamba ukikutana na mwenzako usimwulize anafanya kazi gani, mwulize tu anaingia zamu saa ngapi. Wazee wengi niliowatunza walikuwa na hadithi moja au mbili ambazo hurudia mpaka unazijua kuliko watoto wao. Fiona alikuwa na maisha mazima, na aliyasimulia vipande vipande, leo mwisho, kesho katikati, nami nikawa nayapanga kichwani nikiendesha gari kurudi kwangu Maple Grove. Nayaandika hapa kwa sababu nilimkosea, na sitaki akumbukwe kwa siku ile moja tu.

Alizaliwa mwaka 1941 huko Grimsby, mji wa bandari wenye baridi na harufu ya samaki. Baba yake alikuwa akipanga samaki kwenye masanduku ya barafu, mama yake alikuwa mshonaji. Alipofika miaka kumi na saba akajiunga na kundi la maigizo lililozunguka miji midogo, na kazi ya kundi lile ilikuwa ya punda: kila wiki mchezo mpya. Jioni unaigiza mchezo wa wiki hii, asubuhi unakariri wa wiki ijayo, na wa wiki iliyopita unautupa ili kichwa kipate nafasi. Kwa miaka minne alikariri michezo zaidi ya mia na hamsini.

"Sikuwa mzuri wa sura, Mumbi, wala sikuwa na sauti ya ajabu," aliniambia. "Nilikuwa na kichwa. Walinipa kazi kwa sababu sikuwahi kusahau."

Kutoka huko akaenda London. Alisota miaka saba akicheza watumishi na mashangazi, mpaka alipokuwa na miaka ishirini na tisa akapewa mchezo mdogo ambao hakuna aliyeutegemea, wa mjane anayegawa nguo za marehemu mumewe kwa shemeji zake. Mjane ana miaka sitini. Fiona akapakwa mvi, akasimama peke yake dakika tisa mbele ya rundo la nguo, na watu wakalia. Huo ndio uliokuwa kilele chake. Baada ya hapo filamu zikamwita, na nilipokuwa bado najifunza kumtania nilimwuliza kwa nini hakuwa nyota. Akahesabu kwa vidole. Alicheza filamu saba. Katika nne aliuawa kabla ya katikati, katika mbili alikuwa muuguzi, na katika ile ya saba alifungua mlango akasema "Bwana hayupo" akaufunga. Mwongozaji mmoja alimwambia ana uso ambao watu huuamini lakini hawaukumbuki. Alinisimulia hilo akicheka. Sidhani lilikuwa limemtoka moyoni, maana alinisimulia mara nyingi mno.

Mwaka 1974 kundi lake lilileta mchezo ule wa mjane Minneapolis kwa majira mamoja ya baridi. Akampata Mark, fundi seremala aliyekuwa akitengeneza milango na ngazi za jukwaani, mtu mkimya wa ukoo wa Kinorwe, na majira mamoja yakawa miaka hamsini na moja. Mwaka uliofuata wakakodi gereji ya matairi iliyofungwa mtaani Phillips, wakaweka viti tisini, wakafungua ukumbi wao kwa mchezo uleule. Baada ya hapo maisha yakawa ya kawaida kama ya mtu yeyote. Alifundisha watoto wa shule kutoa sauti bila kupiga kelele. Alitangaza magodoro redioni kwa sababu Wamarekani walipenda lafudhi yake. Akamzaa Alice, mtoto wao wa pekee. Barua za London zikapungua, zikakoma, na Mark akafa mwaka 2011 akiwa anarekebisha kabati la jirani.

Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia, ulimwingia kwa adabu. Ulianza na majina ya vitu, birika, uma, kifundo cha mguu, naye akawa anavuka mashimo yale kama wavukavyo waigizaji, kwa kucheka au kuuliza swali. Alimdanganya daktari mara mbili. Mimi hakunidanganya, kwa kuwa nilikuwa naye siku nne kwa wiki, na nilimwona akiwa amesimama jikoni ameshika kijiko kama mtu aliyepewa kushika mtoto wa watu asiyemjua. Niliumia. Sikutakiwa kuumia, semina zote za kazi hii zinakuambia usijifunge na mgonjwa, lakini aliyeandika semina zile hakuwahi kunywa chai na Fiona.

Kiangazi cha mwaka jana Timothy, anayeusimamia ule ukumbi wa Phillips siku hizi, alipiga simu. Ukumbi ulikuwa unatimiza miaka hamsini mwezi wa Oktoba. Je, Bi Fiona angeweza kusimama tena na kusema yale maneno ya mjane? Angewekewa karatasi asome, hakuna neno.

"Mwigizaji hasomi," Fiona akasema, akanirudishia simu.

Alice alikuja Jumamosi iliyofuata. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mchapakazi, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na msomaji asimfanye adui, maana mimi mwenyewe nilijaribu nikashindwa. Alikuwa amekuta jiko linawaka mara mbili bila sufuria juu yake. Majira ya baridi yaliyopita majirani walikuwa wamemrudisha mama yake kutoka kituo cha basi akiwa na ndara kwenye barafu. Kulikuwa na makao ya wazee huko Inver Grove Heights yenye kitengo cha wagonjwa kama yeye, mlango wake unafunguliwa kwa namba, na nafasi ilikuwa imepatikana.

"Mumbi, niambie ukweli," akasema tukiwa tumesimama kando ya gari lake. "Bado yumo?"

"Yumo," nikasema.

"Basi tufanye hivi. Akiyamaliza yale maneno mbele za watu, nitaamini, na atabaki kwake majira haya ya baridi na mengine yakija. Akipotea, anahama kabla ya Krismasi. Siwezi kuendelea kuogopa kila simu ikilia."

"Ataweza," nikamwambia. Nilisema kwa kinywa kipana kabisa. Nyumba ile ilikuwa na milango ambayo Mark aliitengeneza kwa mikono yake, na Fiona alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba hataki kufia penye mlango wa namba. Niliyajua hayo yote niliposema.

Tukafanya mazoezi wiki sita, kila asubuhi ya zamu yangu, baada ya uji. Yeye alisimama karibu na friji, mimi nilikaa mezani na maandishi. Ndipo aliponifundisha kazi ambayo sikujua iko duniani, ya mtu anayejificha pembeni ya jukwaa na kumtupia mwigizaji neno akikwama. Hutupi sentensi, unatupa neno moja tu, lile linalofuata. Huweki hisia ndani yake, unalisema kavu kama unataja bei ya vitunguu. Na hungoji.

"Nikiwa nimenyamaza na ninatazama nguo, niache, hapo naigiza," alisema. "Nikikutazama wewe, nipe. Palepale. Usinihurumie, Mumbi. Huruma inachelewa."

Nikaapa nitafanya hivyo. Na jikoni nilifanya. Mwanzoni nilimtupia maneno ishirini kwa asubuhi moja, wiki ya nne yakawa matano, wiki ya sita yakawa mawili, siku nyingine hata moja halikuhitajika. Kuna asubuhi alimaliza dakika zote tisa, nikajikuta nimefunika uso kwa taulo ya vyombo. Sikuwa nalia kwa ajili ya mjane wa mchezo. Nilikuwa nalia kwa sababu kichwa kile kilichokuwa ghala la michezo mia na hamsini kilikuwa kimebakiwa na chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa safi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Viti vyote tisini vilijaa, na watu wengine walisimama ukutani. Timothy alinipa kiti cha mbele kabisa, hatua nne kutoka alipo Fiona, nimtupie neno akikwama. Alice alikaa nyuma yangu na mumewe. Mume wangu Muriuki alikuwa amenileta moja kwa moja kutoka kanisani, akakaa mwisho wa ukumbi akiwa bado na suti na beji yake ya mzee wa kanisa.

Fiona akatoka na gauni jeusi, kichwa juu. Mezani palikuwa na rundo la nguo za kiume. Na aliposema neno la kwanza nilihisi ukumbi mzima unasogea mbele. Hakuwa mgonjwa. Wallahi, na mimi ni Mprotestanti, hakuwa mgonjwa.

"Koti hili lichukueni," akawaambia shemeji wasioonekana. "Lilimbana mabega tangu siku ya harusi, na hakusema. Shati hili lichukueni. Kofia ichukueni, hakuipenda, mimi ndiye niliyeipenda. Viatu..."

Akavishika viatu. Akavitazama. Nikasema moyoni, hapo anaigiza, muache. Kisha akainua macho akanitazama mimi.

Neno lilikuwa "viacheni." Viatu viacheni mlangoni, apitaye aone kuna mtu ndani. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, ulimi umeshagusa meno.

Na hapa ndipo ninapotaka nieleweke, ingawa kueleweka hakunisaidii. Siku ya ruracio yangu, wazee wa pande zote mbili wakiwa wamekaa nyumbani kwetu Karatina kukubaliana juu ya mahari, babu yangu alisimama kubariki. Akawa anaomba, nasi tunaitikia "thaai," yaani amani, kila anapotua, na alipofika kwenye jina la bibi harusi, yaani mimi, jina likampotea. Mimi mjukuu wake, niliyepewa jina la mke wake. Watu zaidi ya mia walisikia. Hakuna aliyelisema. Tuliinamisha vichwa tukangoja, kimya, dakika nzima au zaidi, mpaka mzee mwenyewe akapata njia nyingine, akasema "mtoto wetu huyu," tukaitikia "thaai" kwa nguvu, na mpaka leo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulitaja. Nililelewa hivyo. Mzee akijikwaa katika maneno, humwekei neno kinywani mbele za watu. Kumwekea ni kumvua nguo. Unainama, unamngojea.

Kule jikoni tulikuwa wawili, ilikuwa kazi na mzaha. Pale ukumbini palikuwa na watu zaidi ya tisini, na mtoto wake, na Fiona amesimama ameshika viatu, mama mzima, mvi zake mwenyewe sasa wala si za kupakwa. Akanitazama. Nami nikainamisha kichwa.

Sikuamua. Kichwa kiliinama chenyewe, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Nikangoja. Nilihesabu pumzi zangu saba. Nilipoinua macho alikuwa bado ananitazama, na sura yake haikuwa ya mjane tena. Ilikuwa ya mtu aliyenyoosha mkono gizani akakuta ukuta.

Timothy ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alitoka pembeni akiwa anatabasamu, akamshika kiwiko, na watu wote wakasimama wakapiga makofi pia, wengine wakipiga mbinja. Wamarekani wakikosa la kufanya hupiga makofi, na hufanya hivyo kwa moyo mweupe. Walipiga dakika nne. Fiona alisimama katikati ya kelele ile na viatu mkononi. Alikuwa ameishi kwa makofi tangu akiwa na miaka kumi na saba, na alijua kuyapima kuliko mtu yeyote ukumbini. Nyuma yangu nilimsikia Alice akivuta kamasi.

Kwenye gari, tulipoingia barabara kuu, Muriuki alizima redio.

"Si ungem-remind tu?" akauliza. "Si hiyo ndiyo ilikuwa job yako?"

"Ningem-remind vipi mbele ya watu wote hao?"

Akafikiri. Muriuki ni mtu wa haki. "Ni kweli," akasema. "Mzee hakatizwi. Mimi pia ningenyamaza. Usiji-blame, mama Wanja, heshima si utumwa."

Alitaka kunifariji, nami niliyarudia maneno yake siku nyingi. Niligundua kwamba hata ningeweka Wakenya wote wa kanisa letu kwenye kiti kile cha mbele, watu mia mbili wenye huruma, wote wangeinama.

Alice alitimiza neno lake. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia, "Ulijitahidi, Mumbi, ugonjwa ni ugonjwa," na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba haukuwa ugonjwa peke yake, kwamba lilikuwa neno moja, kwamba baada ya neno lile Fiona angeteremka mpaka mwisho kama alivyofanya asubuhi zote za mwezi ule. Nilifungua kinywa mara mbili tukiwa tunafunga maboksi. Mara zote mbili nikauliza gundi ya karatasi iko wapi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu alikuja akahamia kabisa.

Fiona alihama wiki ya kwanza ya Desemba. Makao yale ya Inver Grove Heights ni safi na wahudumu ni wapole, sina la kuwasema vibaya, nusu yao ni watu wetu. Ofisi ikanipeleka kwa mgonjwa mwingine. Nikawa naenda kumwona Fiona Jumapili baada ya ibada, ninabonyeza namba nne mlangoni, naingia, nabonyeza tena kutoka. Alikonda haraka. Mara nyingi hakunijua, akaniita Mama, akaniita mwongozaji, siku moja akanifukuza. Maneno ya mjane hakuyasema tena, hata mstari mmoja. Nilijaribu kumwanzishia, "Koti hili," nikatulia. Alinitazama kwa upole kama mtu anayesikiliza lugha ya wageni. Chumba kile cha mwisho nacho kilikuwa kimefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni wakati kinafungwa.

Februari hii, Jumapili ya pili, nilimkuta amekaa dirishani, nywele zimechanwa. Nje barafu ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa. Nikavuta kiti. Nilikuwa natoa machungwa mfukoni aliposema:

"Mumbi. Nilikutazama."

Hakuwa ametaja jina langu tangu Desemba. Nikaliweka chungwa dirishani.

"Najua, Mama."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na neno ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu anayethibitisha jambo alilolishuku muda mrefu. "Kwa nini hukunipa?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza yote, babu na baraka, watu walivyoinama, jina langu lililopotea, na jinsi jambo lile lisivyotajwa mpaka leo. Nikamwambia kwetu kumtilia mzee neno kinywani ni kumwaibisha, kwamba tulimpenda mzee wetu kwa kumngojea, na kwamba mimi nami nilimngojea yeye hivyohivyo, kwa heshima yote niliyo nayo. Nililia nikiongea. Alisikiliza bila kunikatiza, uso umetulia, kama wanavyosikilizana watu wa jukwaani, na nilipomaliza akanishika mkono.

"Ni desturi nzuri," akasema. "Kumngojea mzee."

Akanitazama.

"Lakini pale sikuwa mzee, Mumbi. Pale nilikuwa kazini."

Nilitafuta maneno ya kumwomba msamaha, na yote yaliyonijia yalikuwa yale tunayowaambia wazee.